Ujumbe umetumwa, sauti haijabadilika: kusaka kosa la orodha na mtandao katika Pure Data

Umeunganisha mashine mbili. Moja ina vitelezi, nyingine ina pachi, yaani visanduku vilivyounganishwa kwa waya, inayotoa sauti. Unasogeza kitelezi, sauti inabaki palepale. Wa kwanza kushukiwa ni mtandao: unabadili poti, unazima Wi-Fi na kuiwasha, unaisoma upya anwani ya IP tarakimu kwa tarakimu. Nimetumia Pure Data, programu ya kutengeneza sauti kwa pachi, au Pd kama wengi tunavyoiita, kwa miaka mingi kupeleka ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine, na naweza kusema bila kusita kwamba mtandao husingiziwa. Mara nyingi ujumbe umefika. Tatizo ni kwamba umefika ukiwa na umbo ambalo kisanduku kinachofuata hakilitambui, na Pd haipigi kelele ujumbe unapokosa mlango wa kupitia. Unapotea kimya.

Ndiyo maana hapa tunaanza na umbo la ujumbe, na nyaya za mtandao zinafuata baadaye.

Kabla ya kugusa chochote: `print` tatu

`print` ni kisanduku kinachoandika ujumbe kwenye dirisha la Pd. Weka ya kwanza kwa mtumaji, juu kabisa ya `netsend` (kisanduku kinachotuma mtandaoni), ukiupokea ujumbe uleule unaoingia humo. Ya pili iweke mara tu chini ya `netreceive` (kinachopokea) kwa mpokeaji, kabla ya kisanduku kingine chochote. Ya tatu iweke kwenye mlango wa mwisho kulia wa kila `route` (kisanduku kinachogawa ujumbe kwa milango) uliyonayo, maana huko ndiko `route` inakotupa kila isichokitambua. Zipe majina: `print natuma`, `print nimepokea`, `print mabaki`. Sasa sogeza kitelezi mara moja tu, usome dirisha la Pd.

Ukiona `natuma` bila `nimepokea`, kosa liko njiani. Ukiona `nimepokea` na `mabaki`, mtandao wako ni mzima kabisa. Kosa ni la umbo. Ukiona `nimepokea`, huoni `mabaki`, na sauti bado haibadiliki, basi angalia kilicho chini ya `route`: pengine namba imefika kwenye mlango usioamsha kitu.

Usomaji wa `print` una siri yake, na ukiijua umepona nusu ya maradhi. Tazama mistari hii:

```
nimepokea: tempo 120
nimepokea: list tempo 120
nimepokea: symbol tempo
nimepokea: 120
nimepokea: 120 440 0.5
```

Mstari wa kwanza na wa pili vinaonekana karibu sawa, lakini kwa Pd ni vitu viwili tofauti. Kila ujumbe ndani ya Pd una kichwa, yaani neno la mwanzo linalosema huu ni ujumbe wa aina gani, kisha vinafuata vitu vyake. Katika mstari wa kwanza kichwa ni `tempo`, na mzigo ni 120. Katika wa pili kichwa ni `list`, na mzigo ni vitu viwili: neno `tempo` na namba 120. Wa tatu kichwa chake ni `symbol`. Wa nne ni namba moja, kichwa chake `float` hakionyeshwi. Wa tano ni orodha pia, lakini kwa kuwa inaanza na namba, `print` haioni haja ya kuandika neno `list`. Basi unaposoma dirisha la Pd, usiliruke hilo neno `list` kana kwamba ni pambo. Mara nyingi ndilo jibu lenyewe.

Dalili: ujumbe unaonekana kwenye `nimepokea`, lakini `route tempo` haushiki

Hii ndiyo inayowasumbua watu kuliko zote, kwa hiyo tukae nayo.

`route` yenye maneno hutazama kichwa cha ujumbe na kuishia hapo. Ukiipa `tempo 120`, inaona kichwa `tempo`, inakikata na kutoa 120. Ukiipa `list tempo 120`, inaona kichwa `list`, haina mlango wa `list`, inautupa ujumbe mzima kulia. Neno `tempo` lipo humo ndani, jicho lako linaliona, ila `route` haikuulizwa kilichomo ndani.

Dawa ni kisanduku kimoja: `list trim`. Kazi yake ni kuvua neno `list` ili kitu cha kwanza cha orodha kiwe kichwa. Kiweke kati ya `netreceive` na `route`:

```
netreceive 3000  →  list trim  →  route tempo sauti kichujio
```

Ujumbe ambao tayari una kichwa chake hupita hapo bila kuguswa, kwa hiyo hakuna hasara kukiweka hata pale unapodhani hakihitajiki. Mimi hukiweka kila mara.

Lakini `list` ilitoka wapi? Karibu kila kisanduku cha familia ya `list`, kama `list append`, `list prepend` na `list split`, hutoa orodha kamili yenye kichwa `list`. `pack`, inayofunga vitu kadhaa pamoja, nayo hutoa orodha. Ukiandika `pack s f` ukaipa neno `tempo` na namba 120, kinachotoka ni `list tempo 120`, si `tempo 120`. Neno `list` likiingia kwenye maandishi unayotuma, mfano `send list tempo 120`, linasafiri hivyo na kufika hivyo. Pd haijengi upya umbo la ujumbe kwa kukisia ulichokusudia.

Kuna sura nyingine ya kosa hilihili. Orodha zako zinaanza na namba: 1 kwa ala ya kwanza, 2 kwa ya pili. Hapo tumia `route 1 2`, nayo itatazama kitu cha kwanza cha orodha badala ya kichwa, bila kuhitaji `list trim`. Usichanganye namba na maneno ndani ya `route` moja. Weka mbili, moja chini ya nyingine, na pachi yako itasomeka hata baada ya mwaka.

Na likija neno tupu lisilo na mzigo, mfano `symbol anza`, `route anza` haitalishika kwa sababu kichwa chake ni `symbol`. Hapo chombo sahihi ni `select anza`.

Dalili: dirisha la Pd linasema `netsend: no method for 'tempo'`

`netsend` ina amri zake yenyewe: `connect`, `disconnect`, `send`. Ukiimwagia `tempo 120` moja kwa moja, inadhani unaiamuru ifanye kitu kiitwacho `tempo`, na haikijui. Lazima utangulize `send`. Kwa ujumbe usiobadilika unaandika tu `send tempo 120` kwenye kisanduku cha ujumbe.

Ujumbe unaobadilika ndio wenye mtego. Wengi huandika kisanduku cha ujumbe `send $1 $2`, ambamo alama za dola hujazwa vitu vya ujumbe unaoingia, kisha wanakipa `tempo 120`. Pd inajibu kwamba `$2` iko nje ya mpaka: `argument number out of range`. Kumbuka kichwa na mzigo. Katika `tempo 120`, kichwa hakihesabiki. `$1` ni 120, na `$2` haipo. Badala yake fanya hivi:

```
tempo 120  →  list prepend send  →  list trim  →  netsend
```

`list prepend send` inaugeuza ujumbe wowote kuwa orodha na kuweka `send` mbele, `list trim` inavua `list`, na `netsend` inapokea `send tempo 120`. Inafanya kazi kwa kitu kimoja, viwili au mia, bila kuhesabu alama za dola.

Alama ya mkato nayo ina hila yake. Ukiandika `send tempo 120, sauti 0.5` ndani ya kisanduku kimoja, mkato unaukata ujumbe vipande viwili: `send tempo 120` unakwenda salama, kisha `sauti 0.5` unafika kwenye `netsend` bila `send`, na kosa la `no method` linarudi. Rudia `send` baada ya mkato.

Dalili: hakuna kinachofika kabisa

Sasa tuko njiani kwelikweli. `netsend` bila nyongeza hutumia TCP, njia ya mtandao inayounganisha pande mbili kwanza. `netsend -u` hutumia UDP, njia inayotuma bila kuthibitisha kama kuna anayepokea. `netreceive 3000` inasikiliza TCP, `netreceive -u 3000` inasikiliza UDP. Pande mbili zikitofautiana hapa hazitasikilizana, ingawa namba ya poti ni ileile na anwani ni sahihi. Pachi za zamani huandika `netsend 1` na `netreceive 3000 1` kumaanisha UDP. Hiyo 1 si poti wala hesabu ya miunganisho.

Kwa TCP Pd inakwambia ukweli. Ukipata `Connection refused` (namba 111 kwenye Linux, 61 kwenye macOS, 10061 kwenye Windows), mashine ya upande wa pili imefikiwa ila hakuna anayesikiliza kwenye poti hiyo. Ama hujafungua pachi ya mpokeaji, ama umekosea poti, ama anasikiliza UDP. Ukipata `Address already in use` kwa mpokeaji, kuna `netreceive` nyingine imeshaishika poti hiyo, mara nyingi nakala ya pili ya pachi ileile uliyoifungua bila kujua, au Pd nyingine iliyojificha nyuma ya madirisha.

Kwa UDP hupati ukweli huo. Mlango wa kushoto wa `netsend -u` hutoa 1 mara tu unapotuma `connect`, hata kama anwani ile haina mtu. UDP haina muunganisho wa kuthibitisha. Ile 1 inamaanisha tu kwamba soketi imefunguka upande wako. Nimewahi kupoteza mchana mzima nikiamini ile 1. Tangu siku hiyo, pachi mpya naijaribu kwa TCP kwanza hata kama mwishoni itatumia UDP, kwa sababu TCP hukataa waziwazi.

Njia ya haraka ya kutenganisha kosa la mtandao na kosa la pachi ni kuondoa nusu ya mfumo. Pd huja na programu mbili ndogo za terminali, `pdsend` na `pdreceive`. Kwenye mashine ya mpokeaji funga pachi, kisha andika:

```
pdreceive 3000 udp
```

Halafu tuma kutoka pachi ya upande wa pili. Ujumbe ukichapwa terminali, mtandao ni mzima. Kinyume chake, `pdsend 3000 localhost udp` hukuruhusu kuandika `tempo 120;` kwa mkono na kuona kama pachi ya mpokeaji inaitika.

Ikiwa `localhost` (yaani mashine hiyohiyo) inafanya kazi na mashine ya pili haifanyi, tazama mambo matatu kwa mpangilio huu: anwani (ruta huweza kugawa nyingine baada ya kuwashwa upya, na simu ndizo zinazobadilishiwa zaidi), ukuta-moto wa mpokeaji, na mtandao wa wageni. Mitandao mingi ya Wi-Fi ya wageni imewekwa makusudi vifaa visionane. Hapo hakuna pachi itakayokusaidia. Tumia kebo au ruta yako mwenyewe.

Dalili: zinafika namba za ajabu

Unatarajia `tempo 120`, na dirisha la Pd linaonyesha hivi:

```
nimepokea: 116 101 109 112 111 32 49 50 48 59 10
```

Hizi si takataka. Ni herufi zako, kila moja kwa namba yake ya ASCII: 116 ni t, 101 ni e, 109 ni m, 112 ni p, 111 ni o, 32 ni nafasi, kisha 49 50 48 ni tarakimu za 120, 59 ni nukta-mkato na 10 ni mstari mpya. Mtumaji ametuma maandishi ya kawaida ya Pd, itifaki iitwayo FUDI, na mpokeaji ameandikwa `netreceive -u -b`. Hiyo `-b` inasema nipe baiti mbichi. Iondoe.

Na ukiona hivi:

```
nimepokea: 47 116 101 109 112 111 0 0 44 102 0 0 66 240 0 0
```

hapo inaanza na 47, yaani mkwaju. Mkwaju mwanzoni ni alama ya OSC, itifaki ya Open Sound Control iliyoanzia CNMAT katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1997, na ambayo toleo lake la 1.0 liliandikwa rasmi mwaka 2002. Isome polepole, kwa sababu ukiweza kuisoma mstari mmoja hutaiogopa tena. `/tempo` ni herufi sita. OSC hutaka kila kipande kiwe na urefu unaogawanyika kwa 4, kwa hiyo zinaongezwa sufuri mbili kufikisha 8. Kisha 44, alama ya mkato, inayofungua maelezo ya aina. 102 ni f, yaani namba moja yenye desimali. Sufuri mbili za kujaza. Mwisho baiti nne 66 240 0 0, ambazo ni 120 ikiwa imeandikwa kwa biti 32, baiti kubwa ikitangulia. Jumla baiti 16.

Hizi hufunguliwa na `oscparse`, ambacho kimo ndani ya Pd tangu toleo la 0.46. Kabla ya hapo watu walilazimika kupakua maktaba za nje, na mafunzo mengi ya zamani bado yanazitaja. Usianze nazo leo.

```
netreceive -u -b 9000  →  oscparse  →  list trim  →  route tempo
```

Angalia mambo mawili. `oscparse` hutoa `list tempo 120`, kwa hiyo `list trim` ni ya lazima. Na mkwaju umeondolewa: andika `route tempo`, usiandike `route /tempo`. Anwani ndefu kama `/ala/kichujio/kina` hukatwa vipande vitatu, nawe unavifuata kwa `route ala`, chini yake `route kichujio`, chini yake `route kina`.

Ukisahau `-b` wakati unapokea OSC kwa UDP, mara nyingi huoni hata hizo namba. Kimya kitupu. Pd inasubiri maandishi yanayoishia kwa mstari mpya, na pakiti ya OSC haina. Kwa hiyo ukiwa na programu ya simu ambayo "haifiki", jaribu `-b` kabla ya kulaumu simu.

Kwa upande wa kutuma, `oscformat /tempo` → `list prepend send` → `list trim` → `netsend -u -b`. Namba zote hutoka kama desimali. Kuna programu zinazokataa kabisa kitu kisicho namba kamili. Ukikutana nayo, ipe `oscformat` ujumbe `format i`, nayo itatuma aina ya i badala ya f.

Usitume OSC kwa TCP kwa njia hii. TCP ni mto, haina mipaka ya pakiti: ujumbe miwili ya OSC iliyotumwa kwa kufuatana inaweza kufika imeshikana kuwa orodha moja ndefu ya baiti, au ujumbe mmoja ukafika nusu. FUDI haiathiriki na hilo kwa sababu nukta-mkato inasema ujumbe umeishia wapi. OSC haina alama hiyo. Kwa TCP inahitaji urefu utangulizwe mbele ya kila ujumbe, na `oscparse` haiusomi.

Dalili: programu yangu ya Python inatuma, Pd haioni

Ikiwa unatuma maandishi, malizia kila ujumbe kwa nukta-mkato na mstari mpya: `tempo 120;\n`. Kwa TCP bila nukta-mkato, utaona jambo la kutatanisha: mlango wa kulia wa `netreceive` unaonyesha muunganisho 1, lakini hakuna ujumbe. Pd imepokea herufi zako na inangoja mwisho wa sentensi. Kwa UDP, pakiti isiyoishia kwa mstari mpya hutupwa.

Nafasi ndani ya neno pia ina gharama. Ukituma `jina ngoma kubwa;`, Pd inaona vitu viwili baada ya kichwa. Na ukituma kutoka Pd neno moja lenye nafasi ndani yake, Pd huweka mkwaju-nyuma mbele ya nafasi. Programu ya upande wa pili itauona huo mkwaju kama sehemu ya jina. Dawa rahisi ni kutoweka nafasi ndani ya majina. Tumia kistari.

Dalili: namba imefika, lakini si ile niliyotuma

Hii inaumiza kwa sababu kila kitu kinaonekana kufanya kazi. Unatuma 1234567, pengine ni muda kwa milisekunde au nafasi ndani ya faili la sauti. Upande wa pili inafika 1234570.

Pd inapogeuza namba kuwa maandishi kwa FUDI, kwa desturi yake ya miaka mingi huiandika kwa tarakimu 6 muhimu tu. 1234567 inakuwa `1.23457e+06`, na ikisomwa tena ni 1234570. Masafa ya 440.1234 yanafika 440.123. Kwa sauti ya kitelezi hutasikia tofauti; kwa hesabu ya sampuli utasikia, maana sauti itaanza mahali pasipo pake.

Igawe namba kabla ya kuituma: `div 1000` inatoa 1234, `mod 1000` inatoa 567, tuma zote mbili kwenye orodha moja, na upande wa pili zidisha kwa 1000 kisha jumlisha. Njia nyingine ni OSC, inayobeba biti 32 zenyewe bila kuzigeuza maandishi. Hata hivyo biti 32 nazo zina ukomo: baada ya 16777216, si kila namba kamili inaweza kuandikwa. 16777217 inageuka 16777216. Sekunde tangu 1970 zimepita hapo zamani sana, kwa hiyo usitume saa ya kompyuta kama namba moja. Tuma muda tangu pachi ianze.

Dalili: thamani ziko nyuma kwa hatua moja, au zimechanganyika

Umeweka vitelezi viwili kwenye `pack f f`. Ukisogeza cha kulia, hakuna kinachotumwa. Ukisogeza cha kushoto, zote mbili zinatoka. Hiyo si hitilafu: mlango wa kushoto pekee ndio unaoamsha `pack`, ile mingine inahifadhi tu. Pitisha kitelezi cha kulia kwenye `trigger bang float`: namba inaingia kwanza kulia, kisha bang, yaani ishara tupu ya kuamsha, inakwenda kushoto.

`trigger` hutoa kutoka kulia kwenda kushoto, daima. Ukichomoa waya mbili kutoka mlango mmoja bila `trigger`, mpangilio unategemea waya ipi uliichora kwanza, na hilo halionekani popote kwenye pachi. Ukinakili kipande hicho na kuchora upya waya moja, tabia inabadilika huku picha ikiwa ileile. Nimeona pachi zilizofanya kazi mwaka mzima zikivunjika hivyo, na aliyezitengeneza hakuwa na namna ya kujua kwa macho.

Kwenye mtandao jambo hili linakuwa zito zaidi. Tuseme unatuma `masafa 440`, kisha `piga 1`. Kwa TCP mpangilio unalindwa. Kwa UDP hauna ahadi: `piga` inaweza kutangulia, au `masafa` ikapotea njiani, na noti ikalia kwa masafa ya zamani. Vitu vinavyotegemeana viweke kwenye ujumbe mmoja: `piga 440 0.8 200`, masafa, ukubwa na urefu pamoja. Ama ufike mzima, ama usifike kabisa. Upande wa pili `route piga` → `unpack f f f`, na kwa kuwa `unpack` nayo hutoa kutoka kulia, masafa yatatoka mwisho. Basi yaache yenyewe ndiyo yaamshe noti.

Ikikupa `unpack: type mismatch`, orodha yako ina neno mahali unapotarajia namba. Rudi kwenye `print`.

Dalili: orodha ndefu hazifiki, fupi zinafika

Umechukua jedwali zima kwa `array get` ukalituma kwa UDP. Pakiti ya UDP juu ya IPv4 haiwezi kubeba zaidi ya baiti 65507, na kwenye mtandao wa kawaida wa Ethernet, ikizidi 1472 inakatwa vipande. Kipande kimoja kikipotea, pakiti nzima imepotea. Jedwali litume kwa TCP, au lipeleke vipandevipande, kila kipande kikitanguliwa na namba ya mahali kinapoanzia, ili mpokeaji akiweke kwa `array set` pasipo kutegemea kilichotangulia.

Dalili: sauti inakatika kila ujumbe unapotumwa

Tofautisha mikatiko miwili. Ukisikia mlio mdogo wa "tik" kila thamani inapobadilika, Pd haijachelewa. Ukubwa wa sauti umeruka ghafla. Pitisha thamani kwenye kisanduku cha ujumbe `$1 20` kisha `line~`, nayo itapanda au kushuka kwa milisekunde 20.

Ukisikia pengo lenyewe la sauti, hasa unapobonyeza `connect`, basi `netsend` inaisimamisha Pd yote ikisubiri jibu la mashine isiyopatikana. Sauti na ujumbe vinaendeshwa kwa foleni moja. Kwa hiyo unganisha kabla ya onyesho, usiunganishe katikati yake. Kama unataka muunganisho wa TCP ujirudishe wenyewe ukikatika, peleka mlango wa kushoto wa `netsend` kwenye `== 0`, kutoka hapo kwenye `metro 2000` (saa inayotoa bang kila milisekunde 2000), na `metro` iguse ujumbe wa `connect`; ikishaunganishwa, 1 inageuka 0 na `metro` inazimika. Mara ya kwanza iwashe kwa `loadbang`, inayotoa bang pachi inapofunguka, kupitia ujumbe wa 1. Mfumo huu ni salama pale mashine ya pili iko hewani na pachi yake tu ndiyo imefungwa, kwa kuwa kukataliwa huja mara moja. Ikiwa mashine yenyewe inaweza kuzimwa, kila jaribio litakuwa pengo jingine la sauti, na hapo UDP ndiyo chaguo langu.

Chanzo cha tatu ni wingi. Kitelezi kinachosogezwa haraka, au kihisi kinachosoma kila milisekunde, kinamwaga mamia ya ujumbe ambao hakuna sikio litakaloutofautisha. Hifadhi thamani kwenye `float`, iguse kwa `metro 20`, kisha pitisha `change` ili zinazojirudia zisitoke. Zitatoka 50 kwa sekunde zikizidi, na kwa `line~` ya milisekunde 20 upande wa pili mwendo utasikika laini bila ngazi.